Sikio Ndani ya Chungu

Mwenye mtoto mchanga na amkumbatie kabla sijaanza, na mwenye televisheni aipunguze sauti, maana mimi nikikatizwa sirudii. Haya yalitokea ukuta wa pili kutoka kwangu, hapa hapa Kediri, kwenye mtaa wetu unaoteremka kwenda mto Brantas. Sehemu ya mwisho nilikuwapo mwenyewe, nimempakata mtoto, na bado nikikumbuka mikono inaniwasha.

Ilianza na televisheni kunyamaza.

Ilikuwa Jumapili kabla ya adhuhuri, saa ambayo masumbwi ya Marekani hutufikia huku, na Wasis alikuwa amejinyoosha mkekani na sahani ya tofu ya kukaanga kifuani. Wasis huyu alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha tofu, mwanamume wa mabega mapana na mdomo usiojua kufungwa, na kama kuna kitu alikipenda kuliko mkewe basi ni kuona mtu mzima anapigwa mpaka anatambaa. Sauti ya televisheni yake tuliijua mtaa mzima. Lakini mkewe, Retno, alikuwa amejifungua karibuni, mtoto wa kike, wakamwita Wening, na Retno alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba ile kengele ya masumbwi ikimwamsha mwanawe tena, televisheni itakwenda mtoni. Basi Wasis akanunua hedifoni zisizo na waya, kubwa, za kufunika masikio yote mawili, akazivaa, akashika rimoti, akaiambia televisheni izitafute na kujiunga nazo.

Televisheni ikatafuta kidogo, halafu sauti ikakatika kabisa. Kwenye hedifoni hakukuwa na kitu, wala pumzi. Wasis akatazama pembeni ya kioo, akaona maandishi madogo: imeunganishwa na Eafoni ya Wasis. Akaacha kutafuna. Eafoni hiyo aliijua ilipo, kwa kuwa aliizika kwa mikono yake mwenyewe, hapo nje, upande wa kushoto wa mlango.

Kwetu kondo la nyuma halitupwi. Ni mdogo wake mtoto: wametoka tumbo moja, mmoja akilia na mwingine kimya. Baba ndiye anayemwosha, taratibu, kwa ndimu, manjano na ukwaju, kisha anamlaza kwenye chungu kipya pamoja na chumvi na maua. Humo hutiwa pia vitu vya kumtakia mtoto maisha mema, sindano ili awe na mkono mwepesi, penseli na karatasi ili apende shule. Chungu kinazikwa karibu na mlango, wa kike kushoto, kinafunikwa na tenga, na balbu inawashwa chini ya tenga usiku na mchana mpaka mwezi wa kwanza wa mtoto upite. Mdogo analala, anaoza, anarudi udongoni, na kazi yake inaishia hapo.

Sasa huyu bwana alimwosha mdogo wa mwanawe kama inavyosuuzwa firigisi ya kuku, chini ya bomba, pua ameigeuza pembeni, roho iko kwenye pambano lililokuwa karibu kuanza. Na mama mkwe wake, Mbah Sumirah, Mbah ndiyo bibi kwetu, alipoingia ndani kuchukua maua, Wasis akatoa mfukoni eafoni moja, zile ndogo za kuchomeka sikioni, haizidi korosho. Mwenzake ilizama kwenye pipa la tofu kiwandani, na mpaka leo hatujui ni nani aliyeila. Akawaza, kama penseli ni ya shule, basi hii iwe ya muziki, mwanangu awe mwimbaji. Akaitia katikati ya ile nyama, akafunika, akaicheka akili yake.

Kitu kile chaji yake haifiki hata kesho yake. Wasis alilijua hilo, hakuwa mjinga wa mashine. Akajiambia televisheni imekumbuka tu jina la zamani. Akalifuta jina, likarudi. Akalifuta tena, likarudi. Halafu, jamani, pambano lilikuwa limenoga, mtoto amelala, mke amelala, akaona kwani kuna ubaya gani, picha inatosha. Akaziweka zile hedifoni mpya juu ya kabati, akaendelea kuangalia kimyakimya.

Ikawa ndiyo mazoea. Kila akirudi kutoka kazini anaketi mbele ya kioo bubu, wanaume wanachapana, damu inaruka, na nyumba imetulia tuli. Retno alinisifia mume wake juu ya ua, akasema siku hizi amekuwa mtu. Na makelele yote yale, ngumi kwenye nyama, watu elfu wakidai damu, kengele ya raundi, yalikwenda yanakokwenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni wapi.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mbah Sumirah. Balbu ya chini ya tenga ilikuwa inafifia na kuwaka kwa nguvu, inafifia na kuwaka, inatulia kidogo, inaanza tena. Akabadilisha balbu. Mpya nayo ikafanya vilevile, na alipoichunguza akagundua inafanya hivyo mkwewe akiwa mbele ya televisheni tu. Udongo pale ukaanza kuumuka. Akaukanyaga ukalala, kesho yake ukawa umeinuka tena. Kilichomkosesha raha zaidi ni harufu. Kitu kilichozikwa siku zote zile kinapaswa kunuka uozo. Kile kilinuka damu mbichi, manjano na chumvi, kama saa ile kilipotoka tumboni.

Wakati huohuo sauti ya Wening ikawa inapungua. Mwanzoni alilia kama wenzake, tukamsikia mpaka kwangu. Baadaye ikawa kilio cha kuku aliye mbali. Mkunga wa kliniki akamwangalia koo, hakuona kitu, akamwambia Retno ashukuru amepata mtoto mtulivu. Halafu ikafika siku mtoto akafumbua mdomo, uso ukaiva, machozi yakamtoka, miguu ikapiga mkeka, na sauti isitoke hata kidogo. Retno alimtazama hivyo mpaka na yeye akaanza kulia. Titi nalo mtoto akawa analishika na kuliachia, hana nguvu.

Ndipo kupigwa kukaanza.

Retno alikuwa amejilaza mchana ananyonyesha, usingizi umempitia, akapigwa chini ya mtulinga kipigo kilichomkata pumzi. Alipoangalia, Wening alikuwa amefungwa kwenye kanga zake kama tunavyowafunga, mikono ndani, hawezi kumpiga hata nzi. Alama ikavimba, ikageuka zambarau, na ukiitazama vizuri ni vidole vinne vilivyokunjwa, vidogo mno. Akanyamaza nayo. Siku iliyofuata Mbah Sumirah aliketi mlangoni anamenya vitunguu, tenga liko karibu yake, na Wasis yuko ndani nyuma yake mbele ya masumbwi yake bubu. Bibi wa watu akapigwa taya mpaka kichwa kikagonga nguzo, meno mawili yakaanguka kwenye bakuli la vitunguu. Alisema hakuona mtu. Alisikia kengele tu, halafu kipigo.

Ungekuwa wewe ungemshuku nani? Sisi wote tulimshuku huyohuyo. Retno alitoka jikoni na kisu cha mboga mkononi, akasimama kati ya mama yake na mumewe, na aliongea chini kabisa kwa sababu ya mtoto, akimwita Mas, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

"Mas, umempiga mama yangu."

"Wallahi sijanyanyuka hapa."

"Ulikuwa nyuma yake. Na hiki kilichoko kifuani kwangu nani amekiweka?"

Akaifungua blauzi, akamwonyesha. Wasis alikuwa hajaiona. "Nani anampiga mama wa mtoto mchanga, Retno?"

"Anayekaa kutwa anaangalia watu wakipigana. Kesho kaka yangu anakuja kunichukua na mwanangu twende Blitar. Na ukitufuata, mimi sitakuwa na la kumzuia."

Wasis aliniambia baadaye kwamba alikaa pale akitazama yale meno ndani ya vitunguu, na kilichomkaa kichwani ni neno la mama mkwe. Kengele. Bibi amesikia kengele, na televisheni haina sauti. Kengele gani?  Kwa mara ya kwanza akafuata ile sauti kwa akili yake, kutoka kwenye kioo, kupita ukuta, kuingia udongoni, ndani ya chungu, mpaka kwenye kile kidude alichokitumbukiza ndani ya nyama ya mdogo wa mwanawe. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, na aliamini kwamba akiirudisha sauti kwake, huko chini kutakuwa kimya na mambo yataisha kabla shemeji yake hajafika.

Magharibi ikaingia na mvua. Watu wenye watoto wachanga walikuwa wamekwisha kufunga madirisha. Retno alikuwa chumbani anafunga nguo, Wening amelazwa mkekani nyuma ya baba yake. Wasis akazishusha hedifoni mpya, akazivaa, akalifuta jina lile la zamani, akaitafuta njia mpya, akabonyeza, na safari hii televisheni ikakubali kwa upole kabisa, ikaandika kwamba imeunganishwa na hedifoni mpya, na Wasis akashusha pumzi.

Akamsikia Wening analia.

Alilia ndani ya hedifoni, katikati ya masikio mawili ya baba yake, sauti ileile ya siku za kwanza tuliyoijua mtaa mzima, nzima na yenye nguvu, na Wasis akageuka akiwa na furaha ya mzazi, akamwona Wening mkekani amefumbua mdomo, uso umeiva, analia bila sauti, na kila mdomo wa mtoto ulipofumbika kile kilio hakikukoma, kiliendelea, kikageuka kikawa kinacheka, nyuma yake umati wa watu ukaanza kunguruma, na ndani ya ule mngurumo kitu kikawa kinapumua kwa kasi puani kama wanavyopumua wale mabondia wakiwa wameketi konani wakisubiri, na Wasis alipoinua mikono kuzivua hedifoni akazikuta zimebana, zinabana zaidi, mifupa ya kichwa inalia, na kengele ikagongwa, na kipigo cha kwanza kikatoka ndani ya sikio la kushoto kwenda kulia kikamwangusha juu ya sahani, cha pili kikamfuata chini kikamvunja pua, na cha tatu na vingine vingi vikaja bila mkono kuonekana, mbavuni, mdomoni, jichoni, huku televisheni bubu mbele yake ikionyesha mtu mwingine kabisa akipigwa vivyo hivyo, kipigo kwa kipigo.

Mimi niliisikia sauti ya Retno nikapita mlango wa jikoni. Nilimkuta amempanda mumewe mgongoni, anakata ule utepe wa hedifoni unaopita utosini kwa kisu kilekile alichotaka kumchomea. Ulipokatika, akaokota kinu cha jiwe cha kusagia pilipili, akakitupa kwenye kioo cha televisheni, kikapasuka, moshi ukatoka, taa zikazimika nyumba nzima. Tukabaki gizani tunahema. Na huko nje, kwenye mvua, chini ya tenga, ambako balbu ilikuwa imezimika kama taa nyingine zote, umati ulikuwa bado unashangilia.

"Mas," Retno alinong'ona, "si wewe."

"Si mimi."

"Ni nani?"

Wasis alitema damu kwanza. Halafu akasema, "Ni wa kwetu."

Usiku ule hatukulala, na siusimulii, kwa sababu hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Kulipopambazuka nikamfuata Mbah Kasiyem, mkunga wa kienyeji aliyekuwa akimkanda Retno baada ya uzazi. Alikuja amefura, mdomo mwekundu kwa tambuu, akilalamika kuhusu matope na kuhusu mimi ninayetembea haraka. Alipoweka sikio kwenye mdomo wa Wening, malalamiko yakakoma. Akatoka nje, akalaza sikio juu ya udongo karibu na tenga, akainuka upesi kuliko nilivyodhani mtu wa umri ule anaweza.

"Kwenye chungu mlitia nini?"

Mbah Sumirah akataja kwa mdomo wake uliovimba, chumvi, maua, sindano, penseli, karatasi.

"Na kingine."

Tukatazamana. Wasis akainamisha kichwa kama mtoto wa shule, akasema yote, na Mbah Kasiyem akavua ndala yake yenye matope akampiga nayo usoni, juu ya majeraha.

"Mdogo anazikwa hana jicho wala sikio ili alale," akasema. "Wewe umempa sikio. Mwenye sikio halali, anasikiliza. Umemsimulia nini siku zote hizi?"

"Masumbwi, Mbah."

"Basi ndiyo malezi aliyoyapata. Amejifunza kwamba kengele ikilia, mmoja lazima abaki chini. Na nyumba hii ina watoto wawili na kifua ni kimoja. Unafikiri alikuwa anapigana na wewe? Ninyi mlikuwa mazoezi." Akamwonyesha Wening kwa kidole. "Mpinzani wake ni huyu. Sauti amekwisha kuichukua. Pumzi ndiyo inayofuata, na sioni kama itafika jioni."

Retno hakulia. Alimweka mtoto mikononi mwangu, akanikabidhi na pamba iliyolowa maziwa, akaniambia nimlowanishe midomo na nisiache kumtazama kifua. Ndiyo kazi niliyoifanya. Kila kifua kilipopanda nilimshukuru Mungu, na kilichelewa kupanda kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Wasis akaondoa tenga, akachukua jembe. Jua lilikuwa limetoka vizuri, majirani wakaanza kukusanyika barabarani, hawakusogea. Alipiga jembe mara moja tu. Mpini ukavunjika vipande viwili na kipande kimoja kikamrudi kinywani. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono, na hapo ndipo niliposikia mimi mwenyewe kwa masikio yangu, mchana kweupe, kengele ikigongwa chini ya ardhi.

Kipigo kilimbeba kikamtupa ukutani. Akarudi. Kikampata mbavuni, tukasikia zinavyolia, akarudi. Alikuwa mtu mwenye mikono, Wasis, enzi za ujana wake aliwahi kupigana sokoni na wawili kwa mpigo, na nikaona ngumi zake zinajikunja zenyewe na mkono wa kulia unarudi nyuma. Mbah Kasiyem akamkemea.

"Ukimrudishia umemfundisha tena. Shusha mkono. Chimba."

Sijawahi kuona mtu mzima akipigwa vile bila kuinua hata kiwiko. Aliinamisha kichwa akachimba, udongo ukawa tope kwa damu yake, vidole viwili vikavunjika akaendelea na vilivyobaki, na kila alipoangushwa nilimsikia Retno akimwita kwa sauti ndogo, Mas, Mas, inuka, tumebaki na wewe tu, na aliinuka, jicho moja limefungika, meno yamelegea, akachimba mpaka kucha zikagonga mfuniko wa chungu, akaufunua, na ile harufu ya damu mbichi ikatuvaa sote kiasi kwamba watu wa barabarani wakarudi nyuma.

Nilichungulia, Mungu anisamehe. Hakikuwa kimeoza. Kilikuwa kimenenepa, chekundu, kimelowa, kinadunda, kimejikunja umbo la ngumi ya mtoto, na mahali ambapo mtoto angekuwa na sikio ile eafoni ilikuwa imezama ndani ya nyama, taa yake ndogo ya buluu inawaka na kuzimika. Sindano ilikuwa imechomoza upande wa pili. Penseli ilikuwa imetafunwa.

Wening mikononi mwangu akaacha kupumua. Nilisema, "Mbah, kifua."

"Toa sikio," Mbah Kasiyem akamwambia Wasis. "Wewe ulilitia."

Wasis akaingiza vidole, akaikamata ile eafoni, akavuta. Kitu kile kikamkamata na yeye. Hatukuona mkono, tuliona sikio lake la kushoto likivutika kuelekea ndani ya chungu, ngozi ya shavu ikifuata, naye akipiga yowe uso ukiwa karibu kugusana na ile nyama. Alivuta na yeye akavutwa. Hakuna aliyekuwa anashinda.

"Mwite," Mbah Kasiyem akasema.

"Nimwite nani? Hana jina."

"Ana baba."

 Damu ilikuwa inamtiririka Wasis kutoka sikioni ikidondoka ndani ya chungu. Halafu akaongea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ambayo hata Wening hakuwa amewahi kuipata, kwa kuwa jioni zote alizopaswa kuongea na mwanawe alikuwa anaangalia watu wakipigana.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu mdogo. Nilikuosha vibaya. Nilikuosha kama uchafu, nikakutupia makelele. Si kosa lako. Nisamehe baba yako. Niache nikuoshe tena."

Ule mdundo ukapungua. Kilichokuwa kimemshika kikalegea, ila hakikuachia bure. Eafoni ilitoka na kipande cha nyama, na papo hapo sikio la Wasis likang'oka lote, likaanguka ndani ya chungu. Wening akakakamaa mikononi mwangu, akavuta pumzi moja ndefu, akalia. Alilia mpaka mbwa wakabweka mtaa wa pili. Retno akamnyakua, akakaa chini palepale topeni, akampa titi, na mtoto akalikamata kwa njaa yake yote.

Tulimfunga Wasis kichwa kwa kanga, na pamoja na vidole vyake vilivyovunjika akamwosha mdogo wa mwanawe kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, ndimu, manjano, ukwaju, polepole, akiongea naye muda wote. Nyama ile ikawa inapauka na kusinyaa mikononi mwake. Sikio lake hatukuliona. Alipekua chungu chote, akapekua udongo, halikuwapo. Mbah Kasiyem akasema asilitafute, kwamba sikio alilompa mdogo amelichukua tena, na hili lake lililochukuliwa ndilo badala yake. Akaiponda eafoni kwa jiwe. Udongo wa pale mlangoni ulikuwa umeharibika, kwa hiyo chungu kikapelekwa Brantas, kikawekwa juu ya maji na mshumaa wake, na mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya jana yake, ukakichukua haraka. Kaka yake Retno alipofika kutoka Blitar na mkongojo wa kumpigia shemeji, alimkuta shemeji ameshapigwa, akaombwa akae ale.

Mngetaka niishie hapo. Na mimi ningetaka.

Shimo la sikio lilipona, ngozi ikaziba, hasikii upande huo hata ukimpigia ngoma. Lakini alinyong'onyea, na siku moja, tukiwa kila mmoja upande wake wa ua, akaniambia kwamba kwa sikio lile lisilokuwapo anasikia maji. Anayasikia mchana kutwa, mto unapita, mawe yanagongana, wakati mwingine watu wanafua. Nikamwambia ni kizunguzungu cha jeraha. Akasema labda. Mvua zilipokatika akaniambia maji yamekoma, sasa anasikia majani makavu, kitu kinajiburuta, kinapumzika, kinajiburuta. Na jioni nyingine akaja mpaka mlangoni kwangu, amekuwa mweupe, akaniomba nisimwambie Retno. Retno alikuwa ndani ananyonyesha. Kwa sikio lake zima alimsikia Wening akinyonya. Kwa lile jingine alimsikia wa pili.

Sikumwambia Retno. Hakupigwa mtu tena, mtoto akanenepa, maziwa yakatosha, na mimi ni nani wa kumnyang'anya mama usingizi.

Wening sasa ana miaka minne na utundu wa watoto kumi. Juzi alimwaga maji ya ukwaju kwenye redio ya gari la tofu, gari lenyewe si la baba yake, na Wasis akatoka nje amewaka, akamshika kwa nyuma ya gauni, akainua mkono juu. Nilikuwa naanika nguo, nikaona yote. Mkono uliinuka ukabaki hukohuko, na uso wake ukageuka kidogo, upande wa kushoto, upande usio na sikio, kama mtu aliyeitwa.

Sikusikia kitu mimi. Lakini nilijua ni kengele.

Wening hakuwa ameogopa. Hakuwa hata akimtazama baba yake. Alikuwa anatazama kushoto kwa mlango, chini, anatabasamu, kama mtoto anayejua mwenzake anakuja. Wasis akaushusha mkono polepole, akauweka kichwani kwa bintiye, akapiga magoti kwenye ile ardhi, akaomba radhi. Halafu akageuka upande ule mwingine, ambako hakukuwa na mtu, akaomba tena.